Gari la injini katikati kwa kwenda kazini kila siku, Kampala itawezekana?

Wakuu habari, nataka kuchukua Porsche 718 Cayman, ile injini iko nyuma ya viti, niwe naendesha Entebbe mpaka Kampala kila siku. Mwenye uzoefu anisaidie.

Jibu: Ndugu, mimi nina mwaka wa pili na yangu na siiachi. Ile ekspresiwei unalipa 5,000 yako unateleza tu, kwenye kona gari limetulia kabisa maana uzito mwingi uko katikati, shida ni ukishatoka pale, matuta nayapanda kwa mshazari, tairi moja kwanza halafu lingine, na bado bampa ya mbele imekwaruzika chini yote. Mvua ikinyesha mashimo yamejaa maji, naliacha nyumbani.

Jibu: Na mizigo je?

Jibu: Buti mbili, mbele na nyuma, mkungu mdogo wa matoke naweka mbele.

Jibu: Kaka, tafuta fundi kabla ya gari. Injini huioni hata ukifungua buti, oili unaongezea kwenye kifuniko cha nyuma, kuifikia injini yenyewe ni kazi kwelikweli, usimpe yeyote wa barabarani.