Jalada la jarida la muziki: A, B au C? Naomba maoni

wino_mbichi (mwanzisha mada)
Wakuu, nasanifu toleo la kwanza la jarida la muziki. Kurasa 32, A4, linabanwa kwa pini katikati. Ndani kuna roki, hip hop, muziki wa dansi wa kielektroniki na jazi kidogo. Nimebaki na chaguo tatu:

A – Mwanamuziki mmoja kuanzia kifuani kwenda juu, anamtazama msomaji machoni. Jina la jarida juu kabisa, kichwa cha msanii kimefunika herufi moja. Vichwa vya habari vidogo vimepangwa kushoto. Nyekundu, nyeusi, nyeupe.

B – Hakuna uso. Nyaya za maikrofoni zimejiviringisha sakafuni. Jina la jarida limesimama wima upande wa kulia, na hakuna kichwa cha habari hata kimoja.

C – Jalada kama A, ila ndani kila aina ya muziki ina sura yake: roki herufi zilizopasuka, hip hop rangi ya kupuliza ukutani, dansi rangi za kung'aa, jazi bluu ya usiku.

Moyo wangu uko B, akili iko A.

Gridi
Mkuu, kabla ya kuvunja kanuni uliza ilizaliwa na nini. Jina linakaa juu na vichwa vya habari kushoto kwa sababu majarida rafuni hufunikana, na kinachobaki wazi ni ukingo wa juu au wa kushoto. Hiyo ni hesabu ya biashara tu. Kama lako litauzwa rafuni, B linajificha lenyewe. Kama litawafikia watu kwa usajili au mkononi, sababu hiyo haipo tena na uko huru kulaza jina hata chini.

Uso ni habari nyingine. Macho ya binadamu yanakimbilia macho. Ukiuondoa, weka kitu chenye nguvu ya kushindana nao, na nyaya sidhani.

kanda_mbili
Mimi nasema B bila kusita. Muziki wenyewe umejaa watu waliokataa kufuata mstari, halafu jarida linalouandika livae sare? Msanifu David Carson alipokuwa kwenye jarida la muziki la Ray Gun miaka ya 90 hakuomba ruhusa. Mwaka 1994 aliona mahojiano na mwanamuziki Bryan Ferry yanachosha, akayapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama na vinyota. Hakuna aliyeweza kusoma hata neno. Leo hii bado tunalizungumza.

Gridi
Tunazungumza ukurasa, mkuu, mahojiano hakuna anayeyazungumza. Tena wengi wanaosimulia kisa hicho huruka sehemu moja: maandishi yaleyale yaliwekwa tena nyuma ya toleo hilohilo kwa fonti inayosomeka. Hata mvunjaji mkuu alimwachia msomaji mlango wa nyuma.

besi_nzito
Mbona mnagombania A na B wakati C ndilo lenye tatizo kubwa? Herufi zilizopasuka kwa roki, rangi ya kupuliza kwa hip hop... huko si kuchanganya. Umeacha kufuata mazoea ya aina moja ukafuata ya aina nne kwa mpigo. Jarida la roki la Kerrang! lilianza na jina la herufi zilizopasuka mwaka 1981. Wakati ule zilisema kitu. Leo ni alama ya barabarani tu: "hapa kuna magitaa".

Angalieni jarida la Rolling Stone lilivyoanza San Francisco, Novemba 1967. Mabango ya muziki ya mji ule yalikuwa yanayeyuka: herufi zimevimba, rangi zinagombana. Wao wakatoka na karatasi ya gazeti, safu zilizonyooka na mistari ya kizamani. Jina la jarida peke yake ndilo lililochorwa na Rick Griffin, mmoja wa wachora mabango haohao. Utulivu ndio uliokuwa uasi.

Kwa hiyo geuza. Hip hop ipe fonti yenye vijimkia, pambizo pana, nafasi tupu ya kutosha, kama diwani ya mashairi. Mashairi ndiyo kazi yao, au sivyo? Jazi ipe herufi nene zinazojaza ukurasa. Msomaji atashtuka, na atasoma.

msomaji_tu
Samahani wasanifu, mimi ni mnunuzi. Jalada bila kichwa cha habari nalirudisha, maana sijui nalipia nini. Sihitaji kumi, hata kimoja kinatosha. Halafu namba za kurasa: majarida "ya kisanii" huzificha ndani ya picha, halafu yaliyomo yananiambia niende ukurasa wa 22. Nitaujuaje?

wino_mbichi
@besi_nzito umenigusa. C kama lilivyo nimelitupa.

Sasa nisaidieni ukurasa mmoja. Ni 14–15, mahojiano na mpiga dramu. Picha yake imetanda kurasa zote mbili, uso uko katikati. Maswali na majibu ni nyeupe juu ya nyekundu, pointi 7, herufi nyembamba. Nukuu kubwa inakatiza kutoka kushoto hadi kulia.

Gridi
Hapa hatujafika kwenye mtindo bado, hapa ni karatasi. Kwenye jarida la kurasa 32 la pini, ni 16–17 tu ambazo ni karatasi moja iliyotandazwa. Ukurasa wa 14 umechapwa upande mmoja na wa 19, na wa 15 upande mmoja na wa 18. Karatasi mbili tofauti, zikikutana kwenye mkunjo zinaweza kupishana kidogo. Kidogo hicho kikipita kwenye pua ya mtu, umempa pua mbili. Sogeza mahojiano yaende 16–17, au sogeza uso uingie wote upande mmoja.

Nukuu nayo, hakikisha mkunjo unapita kati ya maneno, usipite ndani ya neno.

Na hiyo nyekundu inatengenezwa kwa wino wa magenta (waridi iliyokolea) na wa njano, mmoja juu ya mwingine. Sahani za kuchapia zikicheza kidogo, herufi nyeupe nyembamba za pointi 7 zinazibwa na rangi. Kwenye skrini hutaliona hilo. Panda pointi 9, tumia uzito wa kati.

kanda_mbili
Nakubali ya karatasi. Lakini mkimaliza kumnyoosha atabaki na nini cha kwake? Mahojiano ya mpiga dramu yanaweza kupangwa kwa mapigo: maswali mafupi yakae pambizoni kwa herufi nene, majibu yashuke kwa safu za urefu usiolingana. Gridi ileile ya chini (mistari ya kupangia ukurasa), ila ukurasa una mdundo.

Gridi
Hilo nalinunua. Safu zianze mstari mmoja juu, zitofautiane chini. Jicho litajua pa kurudi.

wino_mbichi
Basi mahojiano yanahamia 16–17, na ya mdundo naijaribu leo. Namba za kurasa zote chini, pembe ya nje, hata kwenye picha.

Jalada nimepata la nne: mpiga dramu yuleyule amepigwa kutoka mgongoni, mikono juu, hakuna uso. Jina linabaki juu. Kichwa cha habari kimoja.

msomaji_tu
Hilo naweza kulinunua.

besi_nzito
Mimi ningechagua B, ila mgongo unavumilika. Ondoa ile nyekundu tu, na ukilichapa kwa majaribio kunja karatasi kabisa ndipo upige picha ututumie.