Msiba kutangazwa kwenye grupu peke yake: inatosha?

MwanaMkomani
Assalaam alaykum. Bibi yangu ana miaka themanini na kitu. Juzi amefiwa na mwenzake aliyesoma naye chuo cha Kurani tangu wangali wasichana, na hakuwahi kumtazama kabla hajatolewa. Habari iliingia kwenye grupu la mtaa saa moja asubuhi, jeneza likatoka baada ya adhuhuri. Bibi ana simu ya kubonyeza, huifunga kwenye pindo la leso na haifungui mpaka ilie. Haikulia. Baina ya nyumba hizo mbili ziko nyumba tatu tu.

Alasiri nimemkuta dakani anapepeta mchele. Nilipomwambia akauweka uteo chini, akauliza, "Na ni nani aliyekuja kubisha?" Sikuwa na jibu.

Mimi nasema ujumbe wa grupu si taarifa. Msiba na arusi watu waendewe kwa miguu. Tumekuwa wavivu, hata manahodha siku hizi hawajui maji yakijaa mpaka watazame simu.

FundiSimu_Mkunguni
Pole kwa bibi, inna lillahi. Lakini uvivu unamwambia nani? Babangu amefariki hapa Lamu mimi niko Mombasa. Ujumbe umenifikia usiku, nikapanda basi la kwanza, nikashuka Mokowe, nikavuka kwa boti, nimewahi jeneza bado liko msikitini. Nimelibeba kwa bega langu. Ningengojea mtu aje kunibishia Mombasa? Na tangu M-Pesa ianze 2007, michango ya misiba yatumwa kwa simu, na sijaona mfiwa aliyeirudisha akasema leteni kwa miguu.

MamaWawili_Langoni
Ndugu Fundi, wewe ulikuwa Mombasa. Bibi alikuwa nyumba ya nne. Hayo ni mambo mawili mbali.

Nahodha_Matondoni
Nimesoma yote nikanyamaza, lakini hilo la manahodha limenichoma. Nani asiyejua maji? Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, kwa hesabu ya mwezi mwandamo, maji hujaa saa kumi na kitu, kila siku yachelewa kama dakika 50, ukifika mwezi saba au nane yajaa saa nne na hayo ni maji mafu. Nimefunzwa na baba nikiwa sijaanza skuli. Zamani Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, ulikuwa hupiti maji yakitoka, watoto wadogo walijua hilo. Mtu asiyejua bamvua, yale maji makubwa, asituandike.

MamaWawili_Langoni
Maneno mazuri, nahodha. Ila mwaka jana tumetoka arusini Matondoni, nahodha wetu naye alikuwa hataki kusikia simu, alisema maji anayajua. Tumekwama kwenye fungu la mchanga saa tatu nzima na watoto wadogo, mbu kutoka kwenye mikoko, mwanangu wa mwisho amelia mpaka sauti ikamkauka. Kijana mmoja alikuwa na jedwali la maji kwenye simu, alisema tangu gatini kwamba tumechelewa. Akaambiwa nyamaza, wewe mtoto.

Nahodha_Matondoni
Dada, ukiwa wanisema mimi nitaje. Mimi sijawahi kukwamisha abiria.

MamaWawili_Langoni
Sikukutaja na sikutaji. Umejishika mwenyewe.

Shela_Kijana
Jamani, mwagombania kitu kimoja. Lile jedwali la simu limehesabiwa kwa mwezi na jua, hesabu ileile ya baba yake nahodha, ila imeshushwa mpaka dakika. Lisichojua ni upepo. Kusi likivuma kwa nguvu maji hayafuati jedwali sawasawa, na hilo mtu hulijua kwa kutazama bahari. Mimi natazama simu, kisha namuuliza mzee.

Nahodha_Matondoni
Sasa huyu ndiye amesema. Upepo haumo kwenye simu.

FundiSimu_Mkunguni
Upepo umo pia, ziko programu za upepo. Wavuvi wengi wanakuja kwangu niwawekee.

Nahodha_Matondoni
Ule ni wa kubahatisha. Nenda nao nje ya Manda mwezi wa saba, uone.

MwanaMkomani
Jamaa, nimeuliza habari ya bibi.

MshonaKofia
Nitakujibu mimi. Mji wetu umewekwa kwenye urithi wa dunia 2001. Ni kuta tu? Hapa hakuna gari, njia ni nyembamba, toka nyumba moja mpaka nyingine ni hatua mia. Mwenye nguvu za kuandika ujumbe ana nguvu za kupita nyumba kumi. Simu iwe ya walio mbali. Walio karibu wabishiwe hodi, na wazee kwanza. Kwetu tumekaa tukaandika majina ya wazee wasio na simu kubwa mtaani, ni kumi na wawili. Wawili kati yao hawasikii vizuri, hata kipaza sauti cha msikiti hakiwafikii.

FundiSimu_Mkunguni
Hilo nalikubali. Lakini mfiwa mwenyewe analia, anaosha maiti, anatafuta sanda. Nani atatembea?

MshonaKofia
Wewe. Duka lako liko katikati ya mji.

FundiSimu_Mkunguni
Sawa. Niletewe hayo majina.

MwanaMkomani
Jana nimempeleka bibi kuwapa pole. Binti wa marehemu alimshika mikono, akamwambia, "Mama, nilidhani umeona kwenye grupu." Bibi hakusema kitu. Amekaa mkekani mpaka magharibi, amenitaka nirudi kumchukua leo tena.

MamaWawili_Langoni
Allah amrehemu marehemu na ampe bibi subira. Niambie nyumba ni ipi, na mimi nitakuja kuketi naye.

Nahodha_Matondoni
Amin. Na wewe Fundi, kesho ni mwezi kumi na tano. Njoo gatini alasiri na simu yako, tuyangoje maji yakijaa.

FundiSimu_Mkunguni
Nitakuja. Yangu yasema saa kumi na dakika kumi na saba.

Nahodha_Matondoni
Uje saa tisa na nusu. Nataka uutazame upepo kwanza.