Naandaa Krismasi ya ukoo mzima Marangu, yenyewe Krismasi siioni. Naombeni ushauri

Mke wa Kitindamimba:
Habari za jioni wakuu. Mume wangu ni kitindamimba, na wenye mila hii ya Kichaga mnajua maana yake: nyumba ya wazazi na kihamba, shamba la ukoo, ni vyetu, na kila anayerudi Desemba anarudi kwetu. Mwaka jana tulilaza watu ishirini na tatu. Tangu 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku ndiyo balaa kabisa, mtu anatoka Dar jioni, alfajiri anapiga simu yuko Himo na mizigo.

Wageni sina kinyongo nao. Ila tarehe 24 kwenye mkesha nilisinzia kabla ya somo la kwanza, wifi akaniamsha watu wanatoka. Kesho yake sikwenda kabisa. Nilikuwa na machalari ya ndizi na nyama, mtori wa wazee, na nyama ambayo shemeji zangu waliichinja wakaenda kukaa migombani kuizungumzia. Kengele ya usharika inalia naisikia, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Nikalia, na sikujua nalilia nini.

Mwaka huu, 2025, Krismasi ni Alhamisi, wataunganisha mpaka Jumapili. Nifanyeje nipate utulivu na Bwana wangu bila mama mkwe kuona namfukuzia watoto? Mistari nakaribisha, na mbinu pia.

Mwana Kibosho:
Nimesoma mara mbili namtafuta mumeo. Yumo kwenye urithi tu.

Mke wa Kitindamimba:
Yupo. Anachoma.

Mjoli:
Dada, soma Luka 10, Martha na Mariamu. Chagua fungu lililo jema, chakula kitajipa.

Bibi wa Uru:
Mjoli mwanangu, chakula hakijawahi kujipa. Hilo somo tumehubiriwa tangu tuko wasichana, na aliyehubiri akishuka mimbarini anauliza tunakula saa ngapi. Lisome tena. Martha hakuambiwa azime moto, aliambiwa "unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi". Kwa hiyo binti, punguza hivyo vingi.

Ndizi zimenywe tarehe 24 jioni, ziloweke kwenye maji, hazitakuwa nyeusi. Zimenywe na nani? Hao wifi zako wa Dar na kucha zao za kubandika. Usiwaombe, wape kisu na ndoo. Mbuzi ni kazi ya wanaume kuanzia kamba mpaka sahani, hapo hata mila iko upande wako. Mama mkwe umwendee sasa hivi, usingoje tarehe 23 nyumba imejaa. Nenda peke yako, mkiwa mnachambua maharage. Ukimwambia "nimechoka" atasikia "siwataki". Mwambie, "Mama, natamani twende ibada mimi na wewe." Mama gani wa Kichaga atakataa hilo?

Muuza Duka Arusha:
Desemba ndiyo mwezi wangu wa mauzo, kwa hiyo nakuelewa. Nilikuwa natafuta amani tarehe 25 mchana, nimeshakufa kwa uchovu, wakati kanisa limetupa wiki nne nzima za kujiandaa. Majilio mwaka huu yanaanza Jumapili tarehe 30 Novemba. Siku hizi kabla sijafungua duka nasoma Luka sura ya kwanza na ya pili, aya tano au sita, basi. Mkesha ukifika, hata nikisinzia, Bethlehemu nimeshafika kwa miguu yangu.

Na ukiisoma polepole utaona kule nako hapakuwa na utulivu. Watu wako safarini kuandikishwa, nyumba ya wageni imejaa, wachungaji wanaingia usiku bila taarifa kama hao wako wa Himo. Katikati ya hayo Mariamu "akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake". Aliyafikiri wageni wakiwepo.

Machame Juu:
Kwetu kelele haikuwa jikoni, ilikuwa kikao cha ukoo tarehe 26. Kaka wawili, mpaka mmoja wa kihamba, miaka sita hawasalimiani. Mwaka juzi mkubwa akaja na jani la sale mkononi. Ukiletewa sale unasamehe, hakuna mjadala. Siku hiyo nyama haikuwa na chumvi na hakuna aliyesema kitu.

Mke wa Kitindamimba:
Mrejesho. Nimemfuata mama jana, na maharage yalikuwepo kweli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia tangu aolewe hajawahi kukaa benchi la mbele siku ya Krismasi. Ibada ya kwanza ya asubuhi tunakwenda wote wawili. Jiko litashikwa na mume wangu mpaka turudi, amekubali mbele ya mama yake, hana pa kukimbilia. Wifi nimewatangazia kwenye kundi la ukoo waje na visu. Mmoja amecheka, mwingine amejitoa kundini, tutamrudisha.

Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tu ndipo nimegonga mwamba. Mama anasema ya kununua hainyweki kwake. Kwa hiyo ulezi naloweka kama kawaida.