Saizi ya tairi kwa mbio za koni: 205/50R15 au 225/45R15?

KonaKali
Wakuu, naomba mwongozo. Gari ni hachibeki linalovuta kwa mbele, kilo 1,050 hivi, tairi za kiwandani ni 195/50R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 50 ya upana, rimu ya kipenyo cha inchi 15) kwenye rimu za upana wa inchi 6.5. Kazi yake ni otokrosi tu: koni kwenye uwanja wa lami, raundi moja haimalizi dakika. Nipo njia panda kati ya 205/50R15, 225/45R15, au kupanda rimu ya 16 na 205/45. Wengi wanasema pana ndiyo yenye kasi. Ni kweli?

FundiRimu
Mkuu, anza na kanuni za daraja lako. Madaraja ya magari yasiyobadilishwa sana mara nyingi hayaruhusu rimu pana kuliko ya kiwandani, na mengi yanataka namba ya TREADWEAR (kipimo cha tairi kustahimili kulika) iliyochapwa ubavuni isipungue 200. (Namba hiyo kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo 200 ya huyu na 200 ya yule hazishiki lami sawa.)

Ukibanwa kwenye 6.5, chukua 205/50R15, hakuna cha kujadili. Imetengenezwa kwa rimu za 5.5 hadi 7.5. 225/45R15 inataka 7 hadi 8.5. Ukiilazimisha kwenye 6.5, ubavu unavutwa kwa ndani, uso wa tairi unatuna katikati, na ukikata usukani ubavu unalala kwanza ndipo uso uanze kung'ata. Kwenye koni za kupita zigizaga ucheleweshaji huo unajirudia kila koni: ya kwanza unaipita vizuri, ya nne tayari umechelewa. Zaidi ya hapo bega (ukingo wa uso wa tairi) la nje linaliwa haraka huku upande wa ndani ukibaki mpya.

Kinyume chake, 205 kwenye rimu ya 7.5 ubavu wake unasimama wima na gari linaitika mara moja. Kwa hiyo swali la kwanza ni upana wa rimu, tairi inafuata. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, nunua rimu.

Rimu ya 16? Kwa gari hili sioni faida. Uzito unaongezeka mbali na kitovu cha gurudumu, na gia zinarefuka. Labda tu kama breki zako haziingii kwenye 15.

GiaYaPili
Naongezea kwenye kipenyo, watu hukisahau. Hesabu: inchi za rimu × 25.4, jumlisha upana × asilimia ya ubavu × 2.

195/50R15 = milimita 576
225/45R15 = 583.5
205/50R15 = 586
205/45R16 = 591

Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni asilimia 2.6. Inaonekana ndogo, lakini otokrosi karibu yote inaendeshwa kwenye gia ya pili. Chukua mfano wa gia ya pili yenye uwiano wa 1.9, difu 4.3, injini inayokata kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Kwa 576 unaishia kilomita 93 kwa saa, kwa 591 unafika 95.4. Toa kama asilimia 3 kwenye zote mbili, maana tairi hubonyea chini ya uzito wa gari.

Weka namba za gari lako. Kama injini inagonga kikomo kidogo tu kabla ya kufunga breki, tairi ndefu kidogo inakuondolea kupanda ya tatu na kurudi ya pili. Kama hufiki kabisa kikomo, tairi fupi inakupa mvuto zaidi ukitoka kwenye kona, na gari linashuka kidogo.

MkiaMwepesi
Gari la kuvuta mbele, kanuni zikiruhusu: 225 mbele, 205 nyuma. Mbele ndiko kunakokata kona, kunakovuta na kunakofanya sehemu kubwa ya breki. Nyuma ya gari jepesi, tairi pana haipati joto ndani ya sekunde 50, kwa hiyo umebeba uzito wa bure.

FundiRimu
@MkiaMwepesi sikatai, ila kwa anayeanza saizi moja pande zote ina faida: mabega ya mbele yakiisha unahamishia nyuma. Mkia unaweza kuuamsha (nyuma iteleze kidogo, gari ligeuke) kwa upepo wa tairi tu.

KonaKali
Asanteni. Nimesoma kanuni, rimu hadi 8 inaruhusiwa. Nimeona 15×8 ET35 (ET ni milimita kati ya uso wa kufungia rimu na katikati ya upana wake; ikipungua, rimu inatoka nje), zangu ni 15×6.5 ET45. 225 itagusa?

FundiRimu
Pima vitu viwili tofauti. Rimu: nusu ya tofauti ya upana ni milimita 19, ET imepungua 10. Kwa ndani rimu inasogea 9, kwa nje 29. Hiyo 9 iangalie kwenye bolijointi na tairodi. Tairi: 195 kwenye 6.5 ina upana halisi wa 206 hivi, 225 kwenye 8 ni 230 hivi. Nusu ya tofauti ni 12, kwa hiyo kwenye shokapu umepoteza 2 tu, lakini kwenye fenda tairi inatoka 22. Tatizo lako litakuwa fenda. Kwenye shokapu bakiza angalau 4.

Usipime gari likiwa limesimama tu. Toa springi, funga gurudumu, pandisha mkono wa chini kwa jeki hadi mwisho, kata usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Kukigusa, kwanza laza tairi juu kuelekea ndani kama mfumo una marekebisho, halafu kunja mdomo wa ndani wa fenda.

Upepo: anza psi 36 mbele, 40 nyuma. Piga chaki kutoka usoni hadi ubavuni sehemu tatu za kila tairi. Baada ya raundi, chaki ikifutika kupita alama ya pembetatu ya begani, ongeza psi 2. Ikibaki usoni kabla ya bega, punguza 2. Chora upya kila ukibadilisha.