Mwimbaji hasikiki, ala zinasikika: tatizo la kompyuta ndogo ya mezani

Mwalimu wa Kwaya, Tukuyu

Habari za kazi, ndugu zangu. Kwaya yetu ilinunua kompyuta ndogo ya mezani, ya mtumba, pale Mwanjelwa, ili tuitumie kusikiliza rekodi wakati wa mazoezi. Inatumia Windows 10, na sauti hutoka kwenye tundu la milimita 3.5 lililoko mbele, kisha hupita kwenye waya wenye vichwa viwili hadi kwenye amplifaya. Kwa wiki mbili sasa, tukicheza wimbo wowote, kinanda na gitaa husikika, lakini mwimbaji anayeongoza hutoweka, au husikika kwa mbali kama mtu aliyetumbukia kisimani. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba tukiunganisha runinga ili wanakwaya wasome maneno ya wimbo, sauti ya mwimbaji hurudi, ila hurudi pamoja na mngurumo mzito usiokoma. Nimeondoa draiva ya sauti, yaani programu inayoendesha kadi ya sauti, na kuiweka upya mara mbili bila mafanikio, na fundi mmoja amesema kadi ya sauti imekufa, hivyo tununue kompyuta nyingine. Je, ni kweli?

Fundi wa Kihesa, Iringa

Mwalimu, shikamoo. Usinunue kompyuta nyingine kwanza. Kadi ya sauti iliyokufa haichagui kumnyamazisha mwimbaji na kuacha gitaa, wala draiva haifanyi hivyo. Dalili uliyoieleza ni ya waya wa kurudishia uliokatika.

Itazame pini ya waya wako: ncha hubeba sauti ya upande wa kushoto, mkanda wa kati hubeba ya kulia, na shina ndiyo njia ya kurudi inayotumiwa na pande zote mbili. Shina likipoteza mguso, mkondo hauna pa kurudia isipokuwa kupitia upande wa pili, na kinachofika kwenye amplifaya ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji kiongozi kwa kawaida huwekwa katikati wakati wa kurekodi, yaani kwa kiwango kilekile pande zote mbili, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri. Ala zilizosogezwa pembeni hubaki.

Lipo jaribio lisilo na gharama. Fungua mipangilio ya Windows, nenda kwenye sehemu ya urahisi wa matumizi, kisha kwenye sauti, uwashe mono. Hapo pande zote mbili zitabeba kitu kimoja, na kama njia ya kurudi imekatika kweli, muziki wote utanyamaza, ala na mwimbaji pamoja. Fanya jaribio hilo runinga ikiwa haijaunganishwa. Baada ya hapo chomeka hedfoni kwenye tundu lilelile: zikisikika sawasawa, tundu ni zima na tatizo ni la waya. Zisiposikika sawasawa, huenda tundu limelegea au limeingia kutu, jambo lisilo la ajabu kwa unyevu wa huko Tukuyu.

Kuhusu runinga, nakisia kwamba nayo ina waya wake unaokwenda kwenye amplifaya hiyohiyo. Kama ndivyo, mkondo umepata njia ya kuzunguka: kutoka amplifaya hadi runinga, kisha kupitia waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye runinga, hadi kwenye kompyuta. Mwimbaji anarudi kwa njia ya panya, na anabeba uchafu wa umeme alioukuta njiani.

Mkazi wa Makambako

Mimi nilikuwa na mngurumo kama huo. Nilikata waya wa ardhi kwenye plagi ya kompyuta na ukaisha siku hiyohiyo. Jaribu, Mwalimu, ni kazi ya dakika mbili.

Dada wa Uyole

Kaka wa Makambako, naomba Mwalimu asifuate ushauri huo. Waya wa ardhi upo ili hitilafu ikitokea ndani ya kifaa, umeme upite huko badala ya kupita kwa mtu anayeshika kipaza sauti. Tena, vifaa vingi vya kugeuzia umeme vina kapasita ndogo za kuchuja kelele zilizoungwa kwenye waya huo, na ukiukata, ganda la chuma la kompyuta linaweza kufikia karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unasikia mtekenyo tu, lakini hiyo si hali ya kuiacha mbele ya watoto wa kwaya. Vilevile, kama plagi ya amplifaya yenu ina miguu miwili na mnafungulia soketi kwa kalamu, tafuteni adapta inayofaa.

Badilisha waya wa sauti kwanza. Mngurumo ukibaki, chomeka kompyuta, runinga na amplifaya kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhi, kisha chomoa waya wa dishi nyuma ya runinga usikilize. Ukikoma hapo, mzunguko unapitia kwenye dishi, na dawa yake ni transfoma ndogo ya kutenganisha sauti, inayowekwa kati ya kompyuta na amplifaya.

Mwalimu wa Kwaya, Tukuyu

Marahaba, Fundi, na asante, Dada. Nilipowasha mono kukawa kimya kabisa. Hedfoni zilisikika vizuri kwenye tundu lilelile, na nilipokunja waya wa zamani karibu na shingo ya pini, mwimbaji alirudi kwa sekunde moja akapotea tena. Tumenunua waya mpya na sasa anasikika, runinga iwepo au isiwepo. Ni kweli pia kwamba runinga ilikuwa na waya wake kwenye amplifaya. Mwanakwaya mmoja aliuweka ili tutazame mahubiri.

Umebaki mngurumo hafifu ambao hukoma nikichomoa dishi. Kwa sasa tunalichomoa kabla ya mazoezi, na Jumamosi nitakwenda Mbeya mjini kutafuta hiyo transfoma. Kalamu ya soketi nimeirudisha kwa katibu, ambaye alikuwa akiitafuta tangu Pasaka.