Dubai mara ya kwanza, dhahabu ya binti: nisipigwe vipi?

Mama Tabata:
Wadau, habari za jioni. Binti yangu anaolewa, nami mwezi ujao naenda Dubai siku nne kumchukulia seti ya dhahabu na vitambaa. Nje ya nchi nimefika Nairobi tu. Kariakoo hakuna anayeniweza kwa kuvutana bei, ila nasikia huko dhahabu haipungui hata senti. Kweli? Na nibebe shilingi au dola?

Shangazi wa Aggrey:
Hongera kwa shughuli, dada yangu. Beba dola. Dola moja ni dirham (hela yao) 3.67, miaka nenda rudi, hutachanganyikiwa.

Nenda soko la dhahabu Deira, ukipanda metro shuka Al Ras. Bei ya gramu ya siku inaandikwa dukani, hiyo usihangaike nayo. Wewe vutana kwenye ufundi, yaani malipo ya kuitengeneza dhahabu iwe pambo. Muuzaji akutajie gramu ngapi, ufundi kiasi gani, kila kimoja peke yake. Mimi 2022 nilitajiwa bei ya bangili kwa mkupuo, akanipunguzia dirham 100, nikatoka nachekelea. Duka la tatu kutoka pale, bangili ya aina ile ile, ufundi nusu! Usiku sikulala.

Tazama muhuri kwa ndani: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18. Kama ina vito, uliza kama vimepimwa pamoja na dhahabu.

Kijana wa Mbagala:
Shikamoo shangazi. Ile kodi wanayorudishia wageni ipo kweli?

Shangazi wa Aggrey:
Marahaba. Ipo. VAT yao ni asilimia 5, manunuzi yaanzie dirham 250, na pasipoti uitoe pale pale unapolipa. Hairudi yote: asilimia 85, tena wanakata dirham 4.80 kwa kila risiti. Uwanjani pitia dawati la kodi KABLA ya kukabidhi begi. Mimi begi lilishaondoka na vitambaa vyote ndani. Nikajieleza weee, yule kaka ananitazama tu.

Kijana wa Mbagala:
Mama, adapta usinunue, soketi zao ni za pini tatu kama zetu. Vitambaa vifuate Bur Dubai, ng'ambo ya maji ukitoka Deira; unavuka kwa boti ya abra, dirham 1 tu.

Mama Tabata:
Asanteni sana. Ufundi, eeh? Nitakaa hapo dukani mpaka waniletee chai.