Mjadala: Live Nation na Ticketmaster zitenganishwe, au masharti yanatosha?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Suala la tiketi za shoo Marekani kila likizuka watu wanalalamikia bei, kisha linapoa. Mimi nalileta upande wa ushindani wa kibiashara, kwa sababu naamini ugonjwa uko huko. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: Live Nation na Ticketmaster zitenganishwe, kila moja ipate mmiliki wake. Njia ya masharti imeshajaribiwa.

Kwa ambaye hakufuatilia: Live Nation ni promota. Inamlipa msanii, inapanga ziara, na ina kumbi nyingi inazozimiliki au kuziendesha. Ticketmaster inauza tiketi. Ukumbi mkubwa ukisaini nayo, kwa kawaida unasaini kwa miaka kadhaa na tiketi zake zote zinapita huko tu. Zamani zilikuwa kampuni mbili, na hadi 2008 Live Nation ilikuwa mteja mkubwa wa Ticketmaster. Mkataba ulipoisha, Live Nation ikaanza kujiuzia tiketi yenyewe Januari 2009, kwa mtambo wa CTS Eventim ya Ujerumani. Ticketmaster, ambayo mwaka 1991 ilishamchukua mpinzani wake Ticketron, sasa ikawa na mshindani mwenye misuli. Februari hiyo hiyo wakatangaza kuungana! Mteja aliyeondoka kwenda kuwa mshindani akarudishwa ndani kabla wanunuzi hawajaonja faida yoyote ya ushindani huo. Mimi nikisoma historia hii nasimama hapo kila mara.

Wizara ya Sheria ya Marekani iliridhia Januari 2010 kwa masharti ya miaka kumi. Wauze kampuni yao ya mitambo ya tiketi, Paciolan, wawape washindani wao AEG, promota mwingine mkubwa, leseni ya programu ya tiketi, na wasiuadhibu ukumbi wowote unaochagua muuza tiketi mwingine. Mwaka 2019 Wizara hiyo hiyo ikasema sharti hilo la mwisho limevunjwa mara nyingi kwa miaka kadhaa. Kampuni haikukiri kosa, masharti yakasogezwa hadi 2025. Tarehe 23 Mei 2024 Wizara, majimbo 29 na jiji la Washington wakafungua kesi New York wakitaka kampuni ivunjwe. Katika shitaka walidai inashika takriban asilimia 60 ya upromota kwenye kumbi kubwa, na asilimia 80 au zaidi ya tiketi za kumbi hizo. Yenyewe ilikana kuhodhi soko.

Sasa tazameni risiti moja. Machi 2023 bendi ya The Cure iliamua tiketi zake ziwe nafuu, nyingine dola 20. Shabiki mmoja akaweka picha ya malipo yake mtandaoni: tiketi nne, dola 80. Ada ya huduma 11.65 kwa kila tiketi, ada ya ukumbi 10 kwa kila tiketi, na 5.50 ya kushughulikia oda. Makato yote dola 92.10. Makato yamezidi tiketi yenyewe! Kiongozi wa bendi, Robert Smith, alilipigia kelele hadharani, na Ticketmaster ikakubali kurudisha dola 10 kwa kila tiketi ya bei ya chini na 5 kwa nyingine. Msanii mkubwa mwenye jina la miaka zaidi ya arobaini ndiye aliyepata hizo dola 10. Asiye na jina atapata nini?

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima yako, ila nakupinga.

Kwanza, bei ya tiketi anaipanga msanii na timu yake, na sehemu kubwa ya pesa ya tiketi inaenda kwake. Pili, ada ya huduma haiishii Ticketmaster. Sehemu kubwa inarudi kwenye ukumbi, maana kumbi ndizo zinazodai mgawo huo zinaposaini mkataba, tena nyingi zinachukua na malipo ya awali. Hiyo ada ya ukumbi ya dola 10 kwenye risiti yako ni ya ukumbi. Ukivunja kampuni leo, ukumbi bado utataka chake kesho.

Tatu, mnapenda kutaja sakata la Taylor Swift, pale mtambo wa Ticketmaster ulipozidiwa na mashabiki wakakwama. Novemba 15, 2022 mtambo ulipokea maombi bilioni 3.5 na bado ukauza tiketi zaidi ya milioni mbili siku moja. Nani mwingine angehimili? Na ukumbi wa Barclays Center ya Brooklyn uliiacha Ticketmaster mwaka 2021 ukaenda kwa muuza tiketi mwingine, SeatGeek, kisha mwaka 2023 ukarudi wenyewe Ticketmaster. Mnasema ulirudi kwa vitisho vya kunyimwa shoo za Live Nation, lakini mwishoni mwa 2021 ulifunguliwa ukumbi mpya wa UBS Arena jirani pale, shoo lazima zigawanyike.

Mleta mada

Nashukuru kaka, hoja zako zina uzito, hasa ya mgawo wa ada. Hiyo naikubali kabisa: ukumbi unachukua chake. Lakini ifuate pesa hatua moja mbele. Ukumbi ukiwa ni wa Live Nation, ada ya ukumbi inaenda kwa nani? Ada ya huduma? Faida ya upromota? Yote ni mfuko mmoja. Ndiyo maana nasema kampuni haiwezi kujitetea kwa kumsukumia mzigo mwenye ukumbi wakati katika kumbi nyingi mwenye ukumbi ni yenyewe.

Kuhusu Barclays, tuseme UBS Arena kweli ilichukua baadhi ya shoo. Bado kuna swali unalolikwepa. Wewe ni meneja wa ukumbi wa viti elfu kumi na nane. Unaishi kwa idadi ya matamasha yanayokuja kwa mwaka, na anayepanga mengi ya matamasha hayo ni ndugu wa damu wa muuza tiketi wako. Muuza tiketi mwingine anakuletea mgawo mnono na mtambo mzuri. Utasaini? Hakuna anayehitaji kukutishia kwa barua. Utafanya hesabu mwenyewe usiku ukabaki ulipo. Sharti la 2010 lilikataza kuadhibu, ila hofu haikatazwi kwa sharti, na kila msimamizi anayewekwa atatafuta ushahidi wa tishio ambalo halikuhitaji kutamkwa. Hofu hiyo inaondoka pale tu promota na muuza tiketi wanapokuwa na wenye tofauti.

Suala la Swift sitalivuta. Mtambo kuzidiwa si kosa la ushindani peke yake. Nauliza tu: kampuni isiyo na mtu wa kuiondoa sokoni ina haraka gani ya kuwekeza?

Mchangiaji wa pili

Samahani wakubwa, sisi Wabongo linatuhusu nini hili? Shoo zetu huku ughaibuni promota anakodi ukumbi wa watu mia tano, tiketi anauza kwenye tovuti ndogo na nyingine kwa simu tu.

Mleta mada

Dada, ni kweli, kwenye kumbi hizo ndogo uhuru upo. Tatizo linaanza msanii wetu anapokua. Burna Boy alipanda Madison Square Garden, ukumbi mkubwa wa New York, Aprili 2022, na sisi tunataka wa kwetu wafike huko. Katika kesi ya 2024 Wizara ilidai kwamba msanii akitaka zile kumbi kubwa za wazi za Live Nation, analazimika kumchukua Live Nation awe promota wake. Kama ni kweli, yule promota wa Minneapolis au Columbus aliyemlea msanii tangu ukumbi wa watu mia tano, aliyekula hasara ya kwanza, ndiye anayeachwa mlangoni siku pesa inapoanza kuonekana. Hili linaniuma kuliko hizo ada.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo kwa promota mdogo nakuelewa. Lakini mkizitenganisha na ile mikataba ya kumbi ya miaka mingi ikabaki, Ticketmaster mpya itaendelea na kumbi zile zile. Mtakuwa mmebadilisha jina la mwenye hisa tu.

Mleta mada

Hiyo ndiyo hoja bora ya leo, na naiongeza kwenye msimamo wangu: zitenganishwe, na mikataba ya kipekee ifupishwe, au ukumbi uruhusiwe kugawa tiketi kwa wauzaji wawili kwa shoo moja. Hapa nahitaji aliyewahi kufanya kazi dirisha la tiketi au uhasibu wa ukumbi atuambie: wauzaji wawili kwenye ramani moja ya viti, inawezekana bila kiti kimoja kuuzwa mara mbili? Na ile pesa ya awali anayolipwa ukumbi akisaini, ukumbi wa kati unaweza kuishi bila hiyo?

Karibuni.